Jeki ya Mwalimu Tamim

Mwalimu Tamim wa Kiembe Samaki anajua Kiingereza kuliko Waingereza. Hayo si maneno yangu, ni yake, na barazani kwetu hakuna aliyebaki na nguvu za kumbishia. Mtajie neno moja tu la gereji, jeki, atakwambia kwa Kiingereza ni chombo cha kunyanyulia gari, ni karata ya ghulamu, ni bendera ndogo ya meli, ni tundu la kuchomekea waya, ni punda dume. Kahawa inapoa, yeye bado. Kamusi anayochotea yote hayo alinunuliwa na dada yake, Salhiya, kwa mwani aliolima Jambiani, maji yakimfika magotini.

Mwezi uliopita Salhiya akafariki. Hakuacha mume wala mtoto. Maharimu wake aliyebaki, mwanamume wa damu yake, ni Tamim, kwa hiyo yeye ndiye wa kushuka kaburini kumpokea. Maziko yalikuwa baada ya alasiri. Tulitoka mapema kwa gari lake, na karibu na Jambiani tairi likapasuka.

Akaiweka jeki juu ya mchanga wa kando ya barabara. Ikazama. Akaihamisha, ikazama tena. Bibi mmoja muuza madafu akamletea kipande cha ubao.

"Mwanangu, tia huu chini yake. Mchanga huo haushiki."

"Bi mkubwa, mimi jeki nnaijua kwa maana zake zote."

"Maana sizijui mie. Nnaona gari halijanyanyuka."

Nikamwambia achukue ubao. Nikamwambia tusimamishe gari la watu, akasema dakika tano tu. Maneno matupu hayavunji mfupa, na gari hayalinyanyui. Adhana ya alasiri ikatukuta pale pale. Hapo ndipo alipoupokea ubao, na gari likanyanyuka mara moja. Nilimchukia, nasema kweli.

Tulipofika, watu walikuwa wananawa mikono. Aliyeshuka kaburini ni Shaame, jirani mvuvi asiyejua kuandika jina lake.

"Tulikungoja, Mwalimu," alisema. "Maiti hawekwi."

Nilikuwa nimeweka maneno makali ya kumwambia njiani tukirudi. Tamim akapiga magoti, akaanza kuusawazisha udongo kwa viganja. Shaame akamshika bega.

"Nshausawazisha, Mwalimu. Nyanyuka."

Hakunyanyuka, ikabidi tumnyanyue.