Maji ya Anayetoka Safari

Watu wa bara hucheka nikiwaambia kwamba Garsen, pamoja na jua lake lote, tunaoga maji ya moto. Wacheke tu. Kwa mama yangu, mtoto aliyetoka safari haulizwi habari kabla hajaoga. Ukifika unakuta sufuria kubwa imeshatelekwa, kisha anaibeba mwenyewe hadi bafuni nyuma ya nyumba na kuita, "Maji yako haya." Habari za Malindi, ninakofanya kazi ya ufundi, zilisubiri.

Lakini moshi ulimpa kikohozi, na kuni alizifuata mbali. Nikaamua kumletea pampu ya joto. Nilimweleza kwamba haichemshi kwa koili kama hita za kawaida. Inavuta joto lililomo hewani na kuliingiza kwenye tangi la maji, ndiyo maana inakula umeme kidogo. Akasema kama hewa ya Garsen ina faida hiyo, basi tumekaa juu ya utajiri siku zote tukilalamika.

Kwa kuogopa wezi niliifungia stoo. Lilikuwa kosa la kijinga, na mimi ni fundi. Ilimaliza joto la chumba kile, maji yakabaki vuguvugu. Nikaihamishia barazani, na ule upepo wa baridi inaoutoa ukampendeza mama hata akasogeza pale kigoda chake cha kupukuchulia mahindi.

Niliporudi miezi kadhaa baadaye, maji ya moto yalikuwa bombani. Mama alinipokea mlangoni akaniuliza habari za safari palepale, kama anavyomuuliza jirani. Nilioga maji mengi kuliko niliyowahi kupata kwake, na moyo uliniuma. Nilitamani kuitwa. Mashine ilifanya kazi vizuri kabisa, nami nilitaka kuing'oa.

Jioni nilimwomba, kwa aibu ya mtu mzima, kesho yake anitelekee maji jikoni kama zamani, mara moja tu.

Aliweka chini gunzi la mahindi aliyokuwa akipukuchua.

"Ile sufuria siiwezi tena, mwanangu," akasema. "Safari ile ya mwisho nilimwaga nusu njiani. Nilikuita huku nimeshika ukuta. Uliposema utaleta mashine, nilikubali haraka, usije ukaniona."