Jembe Alilopewa Mwanafunzi

Katika ofisi yetu ya usanifu majengo mjini Morogoro kuna desturi ambayo haijaandikwa popote, nayo inafuatwa kuliko sheria. Wafadhili wakija, mzungu anakaa mbele. Awe anaujua mradi au ameusikia asubuhi hiyo hiyo, anakaa mbele, karibu na mkurugenzi, na chai yake inaletwa kwanza. Sisi wasanifu weusi tunapanga viti.

Mkurugenzi wetu ni Mtanzania, mweusi kama mimi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimeshamwuliza kwa nini anafanya hivyo. Alinijibu akicheka, "Mdogo wangu, hii ni biashara. Mteja akiona uso mweupe anapata imani." Waliosema mcheza kwao hutunzwa hawakuwahi kufanya kazi kwetu.

Mwaka mmoja mzungu wetu alikuwa kijana aliyekuja fildi, yaani kujifunza kazi, kutoka chuo kimoja cha Ulaya. Masomo hajamaliza, na msimamizi wake nilikuwa mimi. Nilimfundisha kupima mteremko. Nilimwonyesha kwamba maji ya milima ya Uluguru huyazuii kwa ukuta, unayaelekeza pembeni mapema, kabla hayajapata nguvu. Alikuwa mpole na msikivu. Sina ugomvi naye, ingawa kuna siku nilitamani niwe nao, maana ingekuwa rahisi zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa zahanati, katika kijiji cha mama yangu huko milimani, unapandia Mkuyuni. Mchoro ulikuwa wangu tangu mstari wa kwanza. Nililipigania hasa jiko la nje. Huko mlimani mgonjwa haji peke yake. Anakuja na mama, dada, shangazi, na hao ndio wanaompikia uji, wanaomfulia, wanaolala naye hapo hapo. Zahanati nyingi hujengwa kana kwamba watu hao hawapo, wakaishia kuwasha moto kwenye matope. Mkurugenzi alilifuta jiko, nikalirudisha, akalifuta tena. Tulivutana mpaka akachoka yeye. Akaniahidi kwamba mchoro huu ukikubaliwa, mimi ndiye nitakayekuwa msanifu kiongozi wa zahanati nyingine zote ambazo wafadhili wale walitaka kujenga mkoani.

Siku ya kuwasilisha nilipewa kazi ya kubonyeza kompyuta ili picha zibadilike ukutani. Maelezo akayatoa mwanafunzi wangu. Tulipofika kwenye jiko, mfadhili mmoja alimwuliza amewezaje kuwaelewa wanakijiji kiasi kile. Kijana akanigeukia, akaanza kusema kwamba wazo lilikuwa langu. Mkurugenzi akamkatiza. "Ni kazi ya timu," akasema. Wazo langu likionekana baya huwa ni langu peke yangu, likisifiwa ndipo timu inazaliwa. Nilibonyeza picha iliyofuata kwa nguvu hadi meza ikatikisika.

Mchoro ukakubaliwa, tukapanda mlimani na wafadhili kukabidhiwa kiwanja. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Kiwanja kile kilikuwa cha ukoo wa mama yangu, na msemaji wa ukoo ni mjomba wangu, kaka yake mama. Taratibu zetu ni kwamba mwenye kazi anakabidhiwa jembe, kisha msemaji anawauliza wanawake wa ukoo, mimi nikiwamo, kama wameridhia. Wakiridhia, jembe linapigwa ardhini na dua inasomwa. Mmoja akikataa, shughuli inasimama.

Nilimwamkia mjomba shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwa mgeni. Kijana akaletewa kiti. Mimi nikaambiwa, "Mpwa wangu, hebu wasaidie wenzio maji ya kunawa." Nikaenda, kwa sababu kwetu mkubwa habishiwi mbele za watu. Niliporudi na ndoo, mjomba alikuwa amesimama na jembe mkononi. Akamkabidhi yule kijana, akatangaza, "Huyu ndiye mtaalamu aliyetuchorea." Halafu akageuka. "Kina mama, mmeridhia?"

Vigelegele vikaanza.

"Mimi sijaridhia," nikasema.

Vikakatika. Mkurugenzi alinitazama kama mtu aliyeona moto juu ya paa lake. Mjomba akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Mpwa wangu, unadhani sijui nani kachora? Mama yako kila siku anatuimbia hayo. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu akishika jembe, saruji inakuja. Ukishika wewe, wafadhili watasema wanajengeana ndugu."

Afadhali angekuwa hajui. Mtu asiyejua unamweleza yakaisha. Huyu alijua, akapima rangi yangu na rangi ya mwanafunzi wangu, akaona yangu haivuti saruji. Nikamwambia basi zahanati isubiri.

Mama yangu alikuwa ametusikia. Alikaza kanga yake kiunoni, akaja mpaka tulipo. "Kaka, nawe ni shahidi, huyu nimemsomesha kwa kuuza magimbi," akasema, wala hakupunguza sauti. "Mpe aliyechora. Mkiona hafai, mimi nami siridhii, mkatafute kiwanja kwingine."

Sikuwa na haja ya kumnyang'anya mtu. Kijana mwenyewe alikuja, uso umemwiva, akanipa jembe kwa mikono miwili. Nikalipiga ardhini. Vigelegele vikarudi, safari hii vikubwa zaidi, na wafadhili wakapiga makofi pamoja na kila mtu. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyeuliza habari za ndugu. Saruji ikaja kama ilivyopangwa, na leo wanawake wanapika uji kwenye jiko lile.

Tukiwa tunateremka kurudi mjini, tulipoikamata lami mkurugenzi alinigeukia.

"Leo umeniaibisha," akasema. "Zahanati zinazobaki ataongoza kijana. Akihitimu anarudi, nimeshaongea naye. Wewe utamsaidia. Na huko usijaribu maneno yako ya leo, maana huko si ardhi ya mama yako."

Kijana alikuwa kiti cha nyuma, anatazama nje. Nilimsubiri aseme neno. Akapandisha kioo cha dirisha.

Nikamwambia mkurugenzi kwamba huko nako nitasema, maana shahada yangu sikupewa na ukoo. Akaongeza sauti ya redio, tukaendelea hivyo hivyo mpaka tukaingia mjini, Msamvu.