Mkoba Ulioombewa

Mama alinitangaza kanisani kabla sijamaliza kufunga mkoba. Aliwaambia akina mama wenzake kwamba kifungua mimba wake anaenda nje. Hilo lilikuwa kweli. Mpango wangu ulikuwa Uganda, Rwanda, Burundi, kisha nirudi kupitia Tanzania: miezi mitatu, peke yangu, mkoba mgongoni, kuona tu. Lakini kwetu Tuwan, pale Kitale, msichana akienda nje anaenda kazi. Anaenda kupika na kufua kwa tajiri Uarabuni, na kanisa humsindikiza kwa maombi. Msichana wa kwenda kuona tu hawajawahi kumsikia.

"Mum, si uwaambie ukweli," nilimwambia.

"Niwaambie nini? Ati unaenda kutembea? Kutembea kwa nani?"

Babu alitoka mkoa wa Kati akaja Trans-Nzoia kulima mahindi, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyesafiri bila shamba, kazi au matanga kumngoja mwisho wa safari. Jumapili alasiri akina mama wakajaa sebuleni, wakala chapati, wakauweka mkoba wangu katikati na kila mmoja akaushika. Mchungaji akamwomba Mungu anipe tajiri mwenye moyo mzuri. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kwenda msalani. Nilisema amina, tena kwa sauti, na najilaumu kwa hiyo amina mpaka leo.

Nilidumu siku kumi na moja.

Nikisoma daftari nililoandika huko naona aibu. Ukurasa wa kwanza nimeandika HURU kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini. Siku ya tatu, Jinja, nimeandika kwamba mto ni mzuri na sina mtu wa kumwambia tazama. Kuanzia hapo ni habari za milango tu: huu komeo lake bovu, huu nimeuegemezea kiti. Hakuna aliyenigusa. Watu walikuwa wema, lakini kila mmoja, hadi muuza chapati, aliniuliza swali lile lile la mama. Unaenda kwa nani?

Kabale, mwenye nyumba ya wageni alinitazama, akautazama mkoba, akasema vyumba vimejaa. Funguo zote zilikuwa zimening'inia ukutani nyuma yake. Nilikaa kwenye ngazi zake nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilikuwa nimejidhania jasiri, kumbe nilikuwa mkaidi tu, na ukaidi huisha. Kesho yake nikageuza. Rwanda sikufika.

Nilipovuka mpaka pale Malaba nilimpigia mama, nikitegemea aseme pole.

"Umefukuzwa?"

"Hapana. Nimerudi tu."

"Basi usikuje hapa. Hawa watu nitawaambia nini? Enda kwa mjomba wako Bungoma kwanza."

Hiyo "kwanza" yake sasa ina miezi saba.

Mke wa mjomba, Mbukusu wa hapa hapa, alinifungulia mlango wao wa Kanduyi, hapo Bungoma, bila swali. "Chakula iko, kitanda iko," alisema. "Maneno ingine baadaye." Mpaka leo hajauliza. Nampenda kwa hilo, na kuna siku namchukia kwa hilo hilo. Aliniomba mkoba ahifadhie njugu, nikampa, akaujaza na kuutundika juu panya wasiufikie. Mimi namsaidia kuuza nyanya kando ya barabara. Kitale si mbali. Magari ya kwenda huko hupita mbele ya meza yetu mchana kutwa, na kila moja likipunguza mwendo nainama kana kwamba natafuta kitu chini. Huenda dirishani yuko mtu wa Tuwan.

Jumapili iliyopita mama alinipigia baada ya ibada. Nilifurahi sana, maana ni nadra anipigie. Nilidhani ataniambia nirudi nyumbani. Kisha nikasikia sauti nyingi. Akina mama walikuwa wamemzunguka, simu ameiweka kwenye spika wote wasikie.

"Sasa, mtoto wetu! Huyo tajiri ni mzuri?"

"Ni mzuri," nikasema.

"Na joto ya huko, umezoea?"

"Nimezoea."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Mmoja akauliza hiyo ni kelele gani.

"Ni mashine ya kufua," mama akajibu kabla yangu, haraka. "Huko hawafui na mkono."

Wakashangaa, wakacheka kwa furaha. Mwingine akauliza narudi lini. Nikabana simu sikioni.

"Bado," mama akasema. "Huyo bado sana."

Kisha wakaniombea. Walimshukuru Mungu kwa kunifungulia mlango, wakamsihi asiufunge. Walipomaliza wakanisubiri, na mama naye akanisubiri.

Nikasema amina.