Mwanamke wa Kamusi

Kila Jumanne mwandishi wa kamusi huja uani kwetu kumhoji mume wangu, fundi mashua mstaafu. Hugusa mashua ambayo haijakamilika kwa kidole chenye wino, huuliza, kisha hulirudia neno polepole kama anayeonja chumvi. Mume wangu, ambaye kwangu maneno humtoka kwa kuvutwa, kwa yule mwanamke humwagika: mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo, mataruma ndizo mbavu zake. Jana aliposikia “mataruma” mwanamke alifumba macho, akatabasamu. Mume wangu akacheka kicheko nilichokisikia mara ya mwisho tukiwa wachumba. Mgeni alipoondoka, nikamwonyesha boriti ya sebuleni.

“Na ile inaitwaje, baba watoto?”

“Mbao,” akajibu, macho yangali mlangoni.