Mashina Aliyoyaacha Peres

Peres alizaliwa Siaya, anasafisha ofisi Westlands, na hapa plotini kwetu Kinoo hakuna anayejua uyoga kama yeye. Ule wa kichuguu, mtamu kama nyama, anautafuta kila mvua ikinyesha, na huku haupatikani ovyo. Mama yake alimfundisha kuukata kwa kisu juu ya udongo, asiung'oe kamwe, ili mwaka ujao urudi palepale.

Jumamosi ile aliupata kwenye miti nyuma ya kanisa. Akapika, akamletea bakuli mama yangu, ambaye plotini wote humwita shosho. Mimi nilikuwa sokoni, na mama hajawahi kukataa chakula.

Saa nane Peres alinikuta nikifua. "Mama Debra, shosho amekula?"

"Amemaliza. Kwani?"

Akaketi juu ya jerikeni la maji. Akiosha kisu alikuwa amekumbuka kwamba pale kwenye miti hakuona kichuguu hata kimoja. Kwao kichuguu unakiona, huna haja ya kuuliza. Huku alidhani kimelimwa. Na kuna uyoga mwingine mweupe unaofanana na huo, nao unaua. Tofauti iko chini: wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka ardhini kama mkia wa panya, ule mbaya umekaa ndani ya kifuko, kama ganda la yai. Na sehemu hiyo ya chini ndiyo aliyoiacha kwenye udongo.

Nilimtukana, sitaficha. Nilimwambia akalishe watu wa kwao, si mamangu. Alichukua jembe, nikamfuata hadi kwenye ile miti.

Shina la kwanza lilikuwa na mkia. La pili pia, nikaanza kupumua. La tatu lilitoka na kifuko cheupe, na juu yake alama ya kisu, limekatwa vizuri sana.

Tulimkimbiza mama hospitali, yeye akilalamika kwamba haumwi popote. Peres alilifunga lile shina kwenye leso, akamwekea daktari mezani. Daktari alilitazama, akasema sumu hiyo haiumi mara moja, hungoja hata nusu siku, na afadhali tumewahi. Akachukua kalamu.

"Waliokula ni wangapi?"

"Mmoja," nikasema, nikimwonyesha mama.

Peres akainua mkono wake polepole. Mchana kutwa sikuwa nimemuuliza.