Msusi Asiyetaka Kuombewa Apone

"Hivi ule ugonjwa wa mdogo wako unaambukiza?" Jirani aliniuliza hivyo kichwa chake kimesukwa nusu, nusu nyingine ya nywele imesimama kama imemwona mwizi. Nikamjibu, "Ungekuwa unaambukiza, wewe ungeshaupata. Umekaa hapo tangu asubuhi."

Mdogo wangu ni msusi. Ana chumba kimoja chenye viti vitatu, na vyote huvijaza kwa pamoja. Huanza kichwa hiki, akapata wazo la mtindo, akaliwahisha kwenye kichwa kile kabla halijamtoroka. Wateja hununa, wakishajiona kwenye kioo hurudi tena. Daktari ndiye aliyemwambia ana ADHD, yaani ubongo wake una mwendo wake mwenyewe tangu utotoni. Yeye alifurahi. Tuliougua ni sisi.

Alhamisi hiyohiyo kikundi chetu cha maombi kilimfuata palepale kazini, maana watatu kati yetu, jirani akiwemo, walikuwa vitini hawajamalizwa. Mama mchungaji akafumba macho. "Baba, tunamleta kwako dada yetu anayesumbuliwa na..."

"Samahani, mama." Mdogo wangu akatoa chanuo mdomoni. "Nani kasema nasumbuliwa? Mnaosumbuka ni nyinyi."

"Basi anayeishi na ADHD," nikasaidia kwa upole.

"Ninayeishi naye ni wewe, dada, na unakoroma."

Jirani akacheka hadi mstari wa msuko ukampinda. Mama mchungaji hakucheka. Akasema neno ni neno tu, la msingi Mungu amponye.

Hapo mdogo wangu akaacha kusuka. "Mama, ukishanitaja na wagonjwa, nikisuka vizuri watasema nimepata nafuu, nikikosea watasema nimezidiwa. Mimi mwenyewe nitakuwa wapi? Na hii mitindo mliyoifuata inatoka kichwani humuhumu. Nikipona leo, nani atawamalizia?"

Walio vitini wakajishika vichwa. Mmoja akanong'ona kwamba uponyaji ungeweza kusubiri hadi kesho. Mimi nilikuwa nimeshasema amina moyoni, ikabidi nimwombe Mungu asiisikie.

Mama mchungaji akafumbua macho, akamtazama vizuri. "Sasa mwanangu, niseme nini?"

"Sema mimi ni mtu wa ADHD, basi. Halafu niombee mgongo, kusimama kutwa kunaniumiza."