Pikapu Iliyosikika Tangu Darajani

Eladio Umaña hajawahi kumshtukiza mtu maishani mwake. Ni fundi wa mifereji ya mabati, ile ya kukinga maji ya mvua pembezoni mwa paa, na kwa jinsi mvua inavyonyesha huku kwetu milimani, hakuna nyumba ambayo hajaipanda. Anapanda akiimba, anashuka akiimba, na akikata bati anapandisha sauti ili bati lisimshinde. Mkewe, Yorleny, husema siku Eladio alipokuja kumposa, baba mkwe alikuwa ameshavaa viatu na kukaa sebuleni robo saa kabla hodi haijapigwa. Walimsikia tangu kwenye mashamba ya kahawa.

Mimi ni Tobías, na nimemvumilia tangu darasa la pili. Tuna kundi letu la watu wawili: yeye gita na sauti ya kwanza, mimi gita dogo na sauti ya pili. Tunaimba serenata. Mtu anatuita, tunakwenda alfajiri chini ya dirisha la mama yake au la mchumba wake, tunaanza bila hata kukohoa, na aliyelala anaamshwa na wimbo. Utamu wote uko hapo. Akiamka kabla ya wimbo, wewe ni mgeni tu uliyekuja mapema na gita.

Sasa Eladio, mtu wa kazi hiyo, alikuwa na pikapu ya dizeli ambayo bomba lake la moshi lilikufa zamani, likazikwa kwa waya. Kwa wateja wa mjini tulikuwa tunaiacha mitaa mitatu nyuma na kutembea. Lakini kila tarehe kumi na tano Agosti, Siku ya Mama huku kwetu, serenata ya kwanza ilikuwa ya doña Herminia, yaani Bi Herminia, mama yake Eladio, anayekaa peke yake kule juu Las Moras. Ni kilomita kumi za mwinuko kutoka kwa Eladio hadi darajani, kisha nne za kupanda zaidi, na bonde lile hubeba sauti kama chumba kimoja. Miaka thelathini na moja tulikwenda. Miaka thelathini na moja tulimkuta ameketi kibarazani, nywele zimechanwa, kahawa mezani, akitutazama kama karani wa benki.

"Mmechelewa," husema.

Mwaka mmoja tuliiacha pikapu darajani tukapanda kwa miguu. Doña Herminia akasikia imenyamaza, akadhani tumetumbukia mtoni, akatuma jirani na kamba. Magoti yangu hayajausahau mwaka ule.

Mwaka juzi doña Herminia alitimiza themanini na nne. Tulikuwa juu ya paa la shule, Eladio akaacha kuimba ghafla. Nilidhani amekatwa na bati.

"Tobi, nataka nimwamshe mama yangu kwa wimbo. Mara moja tu. Kabla hajaondoka yeye au mimi."

"Basi nunua punda."

"Nanunua gari la umeme."

Hela ya gari la umeme tupu hakuwa nayo, ila alipata tangazo la haibridi ya kuchaji, mtumba, ya mwaka wa nane barabarani. Gari la namna hiyo unalichomeka ukutani nyumbani kwako, linakwenda kimya kwa betri, na betri ikiisha injini ya petroli inapokea. Mwenye gari alikuwa doña Ileana, mwalimu mstaafu anayeishi kule juu kabisa kwenye baridi na mawingu. Alikuja nalo mwenyewe mpaka uani kwa Eladio. Hatukulisikia likiingia. Kuku mmoja nusura akanyagwe, na Eladio alifurahi kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

"Betri inakwenda umbali gani, mwalimu?" nikauliza, maana mmoja wetu lazima awe na akili.

"Tazama mwenyewe, don Tobías."

Mita ilisema kilomita arobaini na sita. Tulihitaji kumi na nne. Eladio alimshika mkono mwalimu kabla sijafungua mdomo tena, na wiki ile ile akaiuza pikapu kwa mtu wa mchanga wa ujenzi.

Jumapili tukalichaji mpaka likashiba, tukaenda kujaribu njia ya Las Moras. Kilomita ya tano mita ilisema ishirini. Kilomita ya saba ikasema tisa. Eladio akaigonga mita kwa kidole. Pale darajani, kana kwamba palikuwa na miadi, mita ikasoma sifuri na injini ikaamka kwa mngurumo. Kwa mbali, juu, mbwa wa doña Herminia akabweka.

"Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," Eladio akasema. Nilimwonea huruma, lakini nilicheka. Sikuweza kujizuia.

Olman, fundi wa magari, alichomeka kifaa chake, akasoma, akajikuna kidevu. "Betri haina ugonjwa. Imezeeka tu, imebaki robo tatu ya nguvu zake."

"Mita ilisema arobaini na sita!"

"Mita inapiga hesabu kwa njia uliyotoka kupita. Mwalimu kaja kutoka wapi?"

"Kutoka juu."

"Kateremka mlima mzima, si ndiyo? Sasa gari linadhani dunia yote ni mteremko. Nyie mmezaliwa milimani, mkaenda kupima gari lililotoka kuteremka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mabwana."

Eladio akampigia simu mwalimu kwa hasira. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Jamani, mimi kwenda inasema hivi, kurudi inasema vile. Niliacha kuisoma mwaka wa kwanza. Nirudishie gari kama hulitaki, mwanangu, nilishaanza kulikumbuka." Ukimkasirikia mtu wa namna hiyo unajionea aibu mwenyewe. Hakulirudisha, ila wiki mbili hakuimba juu ya paa lolote, na watu wakaanza kuniuliza kama anaumwa.

Aliyetuokoa ni Yorleny. Alikuwa amekaa garini uani akingoja mvua ipungue, akibonyeza kila kitu kama kawaida yake.

"Hiki chenye picha ya betri na kufuli ni cha nini?"

"Usiguse, utaharibu!" Eladio akapiga kelele.

"Nimeshagusa. Injini imewaka, betri haipungui. Kwa hiyo mnaweza kwenda kwa petroli mpaka darajani, halafu mkafungua betri pale. Au hilo ni gumu sana kwa wanaume?"

Tulitazamana. Kilomita nne za mwisho tu ndizo zilizohitaji ukimya, na sisi tulitaka kuzinunua zote kumi na nne.

Tulijaribu mara mbili, tukigeuza kabla ya kona ya mwisho. Tukagundua ukikanyaga kwa nguvu injini inaamka hata kama betri imejaa. Eladio akanitazama tumboni.

"Usianze," nikamwambia.

"Sijasema kitu. Betri ndiyo inasema."

Basi Agosti ilipofika nilikula chakula cha jioni kidogo kwa ajili ya mama wa mtu mwingine. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri tulikuwa darajani. Eladio akabonyeza kile kitufe, injini ikazimika, tukasikia mto. Tukapanda taratibu, yeye akikanyaga kama mtu anayekanyaga mayai, mimi nimebana pumzi kana kwamba ingepunguza uzito. Mita ilisema kumi na saba, kumi na nne, kumi na moja, nane. Tukalisimamisha nyuma ya ua wa miparachichi. Hata mbwa hakuinua kichwa. Eladio alikuwa analia kwa furaha, na hatujaanza hata kuimba.

Tukanyata mpaka kwenye ua. Ndipo tukaona taa ya jikoni inawaka.

Doña Herminia alikuwa ameshavaa. Nywele zimechanwa, shali begani, kahawa inafuka mezani kibarazani. Alitoka mpaka langoni, hatua kumi kutoka tuliposimama kwenye kivuli, akageuzia sikio barabara ya kushuka, kiganja nyuma ya sikio. Akasikiliza. Akarudi, akasogeza kiti, akakirudisha pale pale. Akatoka tena langoni.

"Hawajafika hata darajani," akamwambia mbwa.

Akasikiliza tena, muda mrefu. Akafanya ishara ya msalaba. Akaichukua birika ya kahawa, akaifunika kwa kitambaa ili isipoe, kisha akasimama pale mlangoni, ameishika kwa mikono miwili, hajui aipeleke ndani au aiache.

Nilimgusa Eladio kwa kiwiko. "Piga."

Vidole vyake vilikuwa kwenye nyuzi na havikutembea. Miaka thelathini na moja alikuwa amemkuta ameketi. Hakuwahi kuona jinsi anavyongoja. Mimi pia sikuwahi kuona, na niliumia moyoni kama vile ni mama yangu.

"Mama," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Doña Herminia nusura aangushe birika. "Wewe! Umepita wapi? Pikapu iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Umeiuza! Sasa mimi nisikilize nini?"

"Nilitaka nikuamshe kwa wimbo, mama. Pikapu ilikuwa inakuamsha."

"Kuniamsha?" Akamtazama kama mtoto aliyeleta sifuri kutoka shuleni. "Mimi siku hii nalala lini? Huwa niko macho tangu saa nane usiku. Tangu mwaka ule wa kwanza. Nikiisikia darajani ndipo naketi, nikijua mko hai na mnakuja." Akaona gita langu dogo. "Na wewe Tobías, umekonda. Unaumwa?"

Tuliimba. Eladio aliimba vibaya, sauti ilimkatika mara tatu, na doña Herminia alimshika sikio muda wote kama anahofia atanyamaza tena. Kisha tukala tortilla, vile vyapati vya mahindi, zenye jibini mpaka nikafidia chakula changu cha jioni. Tuliporudi chini gari lilijichaji lenyewe kwa mteremko, na darajani mita ikasema thelathini na moja. Hakuna aliyeiamini.

Gari analo mpaka leo. Kazi za mifereji anakwenda nalo kimya, na wateja wa serenata wameongezeka, maana sasa tunashtukiza kweli. Robo tatu ya betri inamtosha. Sijamsikia akiitaja tena.

Agosti iliyopita tulifika darajani saa ile ile. Eladio hakugusa kitufe. Alishusha kioo, akalalia honi, akaimba juu ya honi, kilomita zote nne, na mbwa wa mlima mzima wakatuitikia. Doña Herminia alikuwa ameketi kibarazani, nywele zimechanwa, kahawa mezani.

"Mmechelewa," akasema.